Nyumba za Miti, na Ole ya Nabii Yeremia



Mwenye Biblia na aifungue penye kitabu cha Yeremia, sura ya 22, asome tangu kifungu cha 13 hata cha 19, kwa maana maneno haya yote yatategemea hapo. Anayesemwa ni Yehoyakimu mwana wa Yosia, mfalme wa Yuda. Mahali hapo nabii hamshitaki kwa habari ya sanamu, wala kwa habari ya vita; amshitaki kwa habari ya nyumba. Mfalme alijijengea nyumba pana yenye vyumba vikubwa vya juu na madirisha mengi, akaifunika kwa mbao za mierezi na kuipaka rangi nyekundu. Nabii hasemi kwamba mwerezi ni mti mbaya. Amlilia ole kwa sababu alimtumikisha mwenziwe asimpe ujira wa kazi yake.

Nimeona vema kuandika habari hii kwa kuwa katika Bukoba na Muleba hapana mazungumzo yaliyo mengi kuliko ya ujenzi. Wazee wakisimama nje baada ya ibada huulizana bei ya mabati na saruji. Vijana walio Mwanza na Dar es Salaam huleta fedha ili wajengewe nyumbani. Na tangu tetemeko la ardhi la mwaka 2016 liko swali jingine ambalo watu huliuliza kwa sauti ya chini: je, tuendelee na matofali, au turudie miti? Huliuliza kwa sauti ya chini kwa sababu waona haya. Kwa watu wengi nyumba ya miti ni nyumba ya maskini, na mtu akisema atajenga kwa miti hudhaniwa ameishiwa. Basi yafaa kuipima miti yenyewe kwanza, faida yake na hasara yake, kabla ya kumsikiliza nabii.

Babu zetu walijenga mushonge. Vijana walioiona kwa macho sasa ni wachache. Ilikuwa nyumba ya mviringo, iliyoezekwa kwa nyasi za rweya toka kileleni hata chini, isiyo na ukuta mbali na paa lake. Ndani zilisimama nguzo, na fito zilipindwa zikafungwa pete juu ya pete kwa kamba, pasipo msumari hata mmoja. Chini zilitandikwa nyasi. Moto uliwaka ndani, na moshi ukapanda ukajipenyeza katika paa. Moshi ule ulioyaumiza macho ya bibi zetu ndio uliozihifadhi fito, kwa maana wadudu huuepuka mti uliokaushwa kwa moshi. Walakini tusiyasifu mambo ya kale kama vipofu. Watu na mifugo yao walilala chini ya paa moja. Cheche moja iliweza kuimaliza nyumba yote kabla jirani hajafika na mtungi wa maji. Waliouacha mushonge hawakuwa wapumbavu.

Lakini neno moja lisisahauliwe. Wakristo wa kwanza wa Buhaya walikuwa wakikusanyika kuisoma Injili iliyowafikia kutoka Uganda, kabla wamishonari wa Bethel hawajafika mwaka 1910. Hawakungoja tanuru la matofali. Neno la Mungu lilianza kusomwa katika nchi hii chini ya nyasi.

Sasa tuje kwenye siku ile. Ilikuwa Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, alasiri. Nchi ilitikisika kwa tetemeko la ukubwa wa 5.9, nalo lilisikika hata Uganda na Rwanda. Watu zaidi ya 15 walikufa, mamia wakaumia, na maelfu ya nyumba yakabomoka au kupasuka. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa kwa muda. Watu wengi walilala nje, wengine chini ya maturubai, wakiziogopa kuta zao wenyewe.

Yafaa kila ajengaye ajue sababu. Mtikisiko wenyewe huua wachache. Kuta ndizo ziuazo. Tofali ni kitu kizito. Matofali yakipangwa kwa udongo tu, pasipo nondo, pasipo mkanda wa zege kuzifunga kuta nne pamoja huko juu, kila ukuta husimama peke yake kama mtu asiye na ndugu. Ardhi ikisogea, chini ya ukuta huenda nayo na juu yake hubaki nyuma, ndipo ukuta huvunjika. Nyumba ya miti ni nyepesi, tena viungo vyake vyaweza kulegea kidogo visiachane. Nguzo hupinda ikarudi. Udongo uliokandikwa huanguka mabonge mabonge, nao waweza kuumiza, lakini fito hubaki zimeshikana, na aliyemo ndani hupata nafasi ya kutoka na mtoto wake mkononi. Faida hii si ndogo. Mama mjane aliye katika nyumba ya miti iliyofungwa vizuri yu salama kuliko jirani yake aliye katika nyumba ya matofali iliyojengwa kwa haraka, ingawa jirani huyo humwonea huruma.

Watu wa Japani, ambao nchi yao hutikisika mara kwa mara, wamejenga kwa miti tangu kale. Huko Nara liko hekalu la Wabudha liitwalo Horyu-ji, lenye mnara wa mbao wa orofa tano, nao umesimama yapata miaka 1300. Lakini Wajapani hao hao waliona upande wa pili tarehe 1 Septemba 1923. Tetemeko lilipiga Tokyo na Yokohama karibu na saa sita mchana, watu wakipika chakula. Moto wa meko ukazishika nyumba za mbao, upepo ukauchukua, na watu zaidi ya 100,000 wakapotea, wengi wao kwa moto. London nayo iliteketea siku nne mwaka 1666 kwa moto ulioanzia katika nyumba ya mwoka mikate, zikaungua nyumba 13,000 hivi, na baada ya hapo sheria ikaamuru matofali na mawe. Basi ajengaye kwa miti na aliweke jiko mbali na chumba cha kulala, na nyumba isigusane na ya jirani. Mshumaa na kibatari visiachwe na watoto. Maneno haya ni madogo, lakini nimeona maombolezo yaliyotokana na kibatari kimoja.

Adui wengine wa mti kwetu ni maji na mchwa. Kando ya Ziwa hapa Bukoba mvua hufika milimita 2000 hivi kwa mwaka, nayo si mvua ya kuchezea. Nguzo ikichimbiwa ardhini ikiwa bado mbichi, chini huoza na juu huonekana nzima, kama mkristo wa jina. Mchwa naye haji kwa kelele. Mtu huegemea mlango siku moja akaona kidole chake kimeingia ndani ya mwimo.

Hapo tuna la kujifunza kwa ndugu zetu Walutheri wa Norwei. Wanayo makanisa ya mbao matupu yaliyojengwa zamani sana, kabla ya Luther kuzaliwa. Lile la Borgund limesimama miaka 800 hivi, katika nchi ya mvua na theluji. Siri yao si mti wa ajabu. Waliowatangulia walizichimbia nguzo ardhini, zikaoza, makanisa hayo yakapotea. Ndipo waliofuata wakaweka msingi wa mawe, juu ya mawe wakalaza magogo, na nguzo zikasimama juu ya magogo, zisiguse udongo. Tena huyapaka makanisa yao lami ya misonobari, nao hawachoki kuipaka. Jambo hilo lawezekana Kamachumu na Kanyigo pia. Mawe tunayo mengi. Nguzo isimame juu ya jiwe au zege, paa litoke nje sana ili mvua isiupige ukuta, na mti ukatwe mapema ukaushwe kivulini kabla ya kutumiwa. Wengine huipaka miguu ya nguzo oili chafu ya magari, nayo husaidia kwa kitambo. Omushambya huvumilia mchwa kuliko miti mingine mingi. Mvule nao ni hodari, ila sasa ni adimu na bei yake ni ya matajiri. Omuhumula hukua upesi na mbao zake ni nyepesi, lakini usipotiwa dawa hauendi mbali. Mkaratusi mchanga ulionunuliwa jana na kusimamishwa leo utapasuka na kujikunja, na fundi atalaumiwa bure.

Nimeandika mengi juu ya miti kwa sababu wako wasemao, Mimi sijengi kwa miti. Mtu huyo na aende siku moja akasimame karibu na tanuru la matofali linapowaka. Hulishwa kuni mchana na usiku, siku baada ya siku, na baadaye ukiutazama mlima ulio jirani waona visiki. Mti uliokuwa nguzo hukaa miaka thelathini ukimhifadhi mtu. Mti ulioingia tanuruni huwa majivu usiku mmoja. Kisha nyumba hiyo hiyo ya matofali yataka kenchi, papi, milango na miimo, na mbao za kushikilia zege mpaka ligande. Hata nyumba za mawe za Unguja, zinazosifiwa duniani, vyumba vyake ni vyembamba kwa sababu boriti za mikoko zilizoibeba dari hazikuwa ndefu. Mti ndio uliompimia mwenye nyumba upana wa chumba chake. Kwa hiyo hakuna nyumba isiyo ya miti. Nyingine huionyesha miti yake, nyingine huificha ndani ya kuta.

Na si miti peke yake ifichwayo ndani ya kuta. Hapa ndipo nabii anapotupata. Habakuki naye, sura ya 2, kifungu cha 11, asema kwamba jiwe litalia kutoka ukutani na boriti italijibu. Nyumba iliyojengwa kwa dhuluma ina mashahidi ndani yake, na mashahidi hao hawahitaji kuitwa barazani.

Fikirini kazi ya kupasua mbao kwa msumeno wa watu wawili. Mmoja husimama juu ya gogo, wa pili chini yake, na unga wa mti humwingia wa chini machoni na puani kutwa nzima. Siku hizi iko misumeno ya mashine, lakini bado yuko mtu anayeyabeba magogo begani mpaka barabarani. Wako vijana wafyatuao matofali, na wako akina mama wachotao maji bondeni ili udongo ulowe. Je, hao wote wamelipwa? Nimesikia jibu linalotolewa katika vijiji vyetu, nalo ni lile lile kila mahali: Subiri kahawa iuzwe. Kahawa huuzwa, ikaja harusi; harusi ikapita, ikaja karo ya shule; na yule mpasua mbao amekwisha kuja mara saba, mara ya nane aona haya kuja. Torati, katika Kumbukumbu sura ya 24, yaamuru maskini alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa. Yakobo katika sura ya 5 asema kwamba ujira uliozuiliwa wapiga kelele, na Bwana wa majeshi amezisikia kelele zile. Sisi twamwita mtu wa namna hii mkristo mwema, kwa sababu nyumba yake yaonekana kutoka barabarani.

Iko dhuluma nyingine, nayo yahusu miti moja kwa moja. Mume akifa, kabla majani ya matanga hayajanyauka, wako ndugu wanaozunguka kibanja wakiipima miti kwa macho. Mvule ule marehemu aliutunza tangu mche ili umsomeshe binti yake. Wao husema ni mti wa ukoo. Wapasuaji huitwa, mti huanguka juu ya migomba ya mjane, na mbao zake huenda kuwa dari ya nyumba ya mtu aliyeomboleza kwa sauti kubwa kuliko wote. Waalimu wetu huwafundisha watoto Amri ya Tisa, ya kutoitamani nyumba ya jirani. Wasisahau kuwaeleza kwamba nyumba ya jirani huanza katika miti yake. Na apandaye mikaratusi kando ya chemchemi wanakochota wote ili auze nguzo, huyo naye ajenga kwa jasho la wengine, maana chemchemi ikikauka si yeye atakayekwenda mbali na ndoo kichwani. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imetenga mita 60 toka kingo za mito na maziwa zisifanyiwe kazi za kudumu za kuyadhuru maji hayo. Mkristo asingojee kufukuzwa na afisa ndipo ayaheshimu maji ya jirani.

Asije mtu akadhani kwamba haya ni ya watu binafsi tu, na kanisa limesalimika. Sulemani alipojenga hekalu alipatana na Hiramu mfalme wa Tiro, akamlipa ngano na mafuta kwa mierezi yake, wala hakumdhulumu mgeni. Lakini kwa watu wake mwenyewe alitoza watu 30,000, akawapeleka Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi. Nyumba ya Bwana aliijenga miaka 7. Nyumba yake mwenyewe, miaka 13. Yasomeni katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 5 hata ya 7. Alipokufa, watu hawakumwendea mwanawe kuisifu mierezi. Walimwendea kulalamika juu ya kongwa. Ufalme ukagawanyika hapo, na hekalu bado lilikuwa jipya. Usharika uwezao kununua bati za rangi kwa ajili ya kanisa, huku fundi aliyelisimamisha paa adai bado, umejenga kwa mfano wa Sulemani katika lile ambalo hakusifiwa.

Turudi kwa Yehoyakimu. Nabii amwuliza swali ambalo laichoma nchi hii: je, u mfalme kwa sababu washindana kwa mierezi? Mashindano ya mierezi twayajua. Ziko nyumba kubwa katika vijiji vyetu, za vigae na vioo, zilizofungwa kwa kufuli mwaka mzima. Hufunguliwa wakati wa Noeli na wakati wa msiba. Mwenye nyumba yuko mbali, hana neno baya, ila alitaka watu wajue kwamba amefanikiwa. Na chini ya kilima hicho hicho yuko bibi, pengine shangazi yake, ambaye mvua ikinyesha husogeza kitanda chake mara tatu usiku. Simlaumu mtu kwa kujenga kwao. Ni jambo jema, na ni heshima kwa wazazi. Nauliza tu kama katika fedha zile hazikuweza kupatikana nguzo sita na bati kumi kwa ajili ya yule bibi.

Maana nabii hakuhukumu nyumba nzuri. Aendelea kumkumbusha Yehoyakimu habari za babaye, Yosia: naye alikula na kunywa, hakuishi pangoni, lakini alifanya hukumu na haki, akaiamua daawa ya maskini na mhitaji. Kisha Bwana asema neno ambalo ningependa kila mwalimu wa Injili alisome polepole mbele ya wanafunzi wake, kwamba huko ndiko kumjua yeye. Sisi twadhani kumjua Mungu ni kuyajibu maswali ya Katekisimo siku ya kipaimara. Luther mwenyewe, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alipofasiri ombi la mkate wetu wa kila siku, aliitaja nyumba miongoni mwa vitu tuviombavyo. Nasi huomba kwa neno la wengi: utupe sisi. Aombaye hivyo hawezi kuishukuru nyumba yake kavu huku nyumba ya mwenziwe ikivuja, kana kwamba ombi lilikuwa la mmoja.

Tena angalieni mwisho wa mambo katika Yeremia sura ya 36. Mfalme yule yule ameketi katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na moto wawaka mbele yake katika makaa. Wamsomea gombo la nabii. Kila zikisomwa safu tatu au nne, azikata kwa kisu na kuzitupa motoni, mpaka gombo lote likaisha. Hakuogopa, wala hakurarua nguo zake. Nyumba ya namna ile humfundisha mwenyewe kutosikia. Ndiyo hatari niiogopayo kwa ajili yetu kuliko mchwa na kuliko tetemeko. Ukuta uliopasuka huonekana, na fundi aweza kuuziba.

Lakini hatuhubiri ole tupu. Bwana wetu aliitwa seremala na watu wa mji wake. Marko ameyaandika katika sura ya 6. Aliijua kazi ya mikono, na bila shaka alimjua mtu alipaye na mtu asiyelipa. Mwisho hakupewa mti ila ule wa msalaba, naye akauchukua kwa ajili ya waliodhulumu na waliodhulumiwa. Huyo ndiye aliyepita chini ya mkuyu huko Yeriko, akatazama juu, akamwita Zakayo kwa jina. Zakayo alikuwa na nyumba, na bila shaka ilikuwa nzuri, na watu wote walijua ilikojengewa. Yesu hakumwambia aibomoe. Alisema yampasa kukaa humo siku ile. Na tazameni lililotukia: hakuna aliyemdai Zakayo pale mezani, wala mzee wa kanisa hakumwandikia barua. Alisimama mwenyewe, akatoa nusu ya mali yake kwa maskini, na aliowanyang'anya akawarudishia mara nne. Msamaha ulitangulia, na malipo yakafuata siku ile ile, si baada ya kahawa. Mwenye deni la fundi asomaye haya asiseme, Nimekwisha kuwa Yehoyakimu, sina tumaini. Bwana aingia nyumba za namna hiyo. Ila akiingia, mkoba hufunguliwa.

Kwa hiyo nawaomba wazee na wainjilisti wa sharika zetu, toka Kanyigo hata Muleba, wafanye mambo machache kabla ya mvua za mwezi wa Oktoba. Wawili wawili wazizungukie nyumba za wajane na wazee, wakachunguze miguu ya nguzo kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama, nguzo imekufa. Wazitazame pembe nne za nyumba kama zimefungwa, na kama iko miti ya mshazari ya kuzikaza, kwa maana nyumba isiyo na mshazari hulala upande kwa tetemeko dogo. Nguzo nne, waya wa kufungia, mawe ya kuweka chini na siku moja ya vijana wa kwaya vyatosha kuitengeneza nyumba ya udongo ipate miaka mingine kumi. Nyumba za matofali zisizo na mkanda wa zege zitazamwe pia, na wenyewe waambiwe kweli. Sharika zenye shamba na zipande omushambya na omuhumula mahali palipo mbali na maji, ili watakaokuja wapate nguzo pasipo kuzikata katika kibanja cha yatima.

Katika mikutano ya nyumba kwa nyumba mwezi huu zisomwe Yeremia 22 na Luka 19, na kila mwenye nyumba aulizwe, si mbele ya watu bali na mzee wa mtaa wake, kama yuko fundi, mpasua mbao au mchota maji amdaiye. Majina yaandikwe na kulipwa kwanza, kabla ya kununuliwa bati jingine. Na pale ambapo jengo ni la kanisa lenyewe, deni lisomwe Jumapili mbele ya watu wote, pamoja na hesabu ya sadaka.